Kaka kaninunulia mausi ya mkono wa kulia, na mie ni mashoto

BARUA

Assalaam alaykum Anti,

Mie ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndio mara ya kwanza. Naishi Wete, nina miaka 36, nina mume na watoto wawili, na nina kiduka changu cha steshenari, natoa fotokopi, nataipu barua na CV, natengeneza kadi za arusi, na ikifika mwisho wa muhula walimu wananiletea alama za wanafunzi niwawekee kwenye Excel. Jina langu tafadhali usilitoe, kaka angu na yeye anakusoma na ndiye nnayetaka kumzungumza.

Jambo lenyewe utaliona dogo, ni mausi ya kompyuta tu, lakini wiki nzima silali vizuri kwa ajili yake.

Mie ni mashoto tokea kuzaliwa. Bibi yangu, Mungu amrehemu, tukikaa kula alikuwa akinifunga mkono wa shoto kwa pindo la kanga yake, si kwa ubaya, alitaka nikue na adabu. Basi nikajifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kupokea na kutoa kwa kulia, na alhamdulillah nimezoea. Lakini nilipokaa kwenye kompyuta mara ya kwanza, nlikuwa na miaka 19 tunafundishwa kutaipu, mwalimu alikuwa anatizama vidole kwenye kibodi hakutizama mausi, mie nikaivuta upande wa shoto na mpaka leo iko huko huko. Anti ndio kitu pekee nnachokifanya kwa shoto mbele za watu na raha yake siwezi kukueleza, naona mkono unajua wenyewe pa kwenda.

Sasa tokea mwezi wa Ramadhani kiganja hichi cha shoto kinaniuma. Kinaanza hapa kwenye kifundo kinapanda, jioni nikifunga duka nashindwa kupindua ufunguo. Mausi nnayotumia sasa ni ya waya, ndogo, nimeifunga selotepu kwenye shingo pale waya ulipoanza kuchunika, na huo waya kila nikivuta droo unanaswa. Za bila waya nishanunua mbili, zote za 15,000 kule Chake. Ya kwanza ile risiva yake ndogo ya kuchomeka kwenye USB ilipotea siku tuliyohamisha meza, nikanunua risiva nyengine nikijua zote sawa, ikakataa kabisa kuungana na ile mausi. Ya pili ilidumu miezi mitano ikaanza kukliki mara mbili, nabofya faili mara moja linafunguka, nikivuta maneno kuyahamisha yananiponyoka njiani, kadi ya watu nikaiharibu mara nne usiku mmoja. Halafu zote mbili zilikuwa zikirukaruka, mshale unaganda hapa unaibukia kule. Meza yangu ina kioo juu, mume wangu alininunulia siku tuliyofungua duka, basi mausi ikigoma naweka mfuniko wa boksi la karatasi chini yake.

Mama akamwambia kaka habari za mkono. Kaka yuko Muscat mwaka wa 14 huu, na kama yupo mtu mwenye imani na mie ni yeye, printa ya dukani kaninunulia yeye. Siku ya pili tu kanitumia picha: Logitech MX Master 3S, boksi jipya, kaandika "hii ndio mwisho wao, baada ya hii hutonunua tena". Nikafurahi mpaka machozi. Halafu nikaitizama vizuri. Upande mmoja ina pahala pa kulaza dole gumba, imechongwa kama kiti, na ule upande ni wa mtu wa kulia. Nikaigeuza simu juu chini, nikaiweka kando, nikajaribu kuuingiza mkono wangu wa shoto kwa macho. Hauingii Anti.

Kaka hajui. Aliondoka hapa mie sina kompyuta, na kwa chengine chote ananiona natumia kulia. Atakuja baada ya wiki tatu kwa ajili ya arusi ya mdogo wetu, na boksi anasema hajalifungua, ataka nilifungue mwenyewe. Nikamwambia mama, kasema pokea unyamaze, ukimwambia utamvunja moyo. Mume wangu anasema hii ni nafasi nijifunze kutumia kulia, ndio heshima zaidi na wateja hawatonitizama. Msichana nnayefanya naye kazi yeye anatumia kulia, yeye anaomba dua tu ije. Na fundi mmoja wa kompyuta kaniambia mie kinachonifaa ni zile mausi zinazosimama, za kushika kama unasalimiana na mtu.

Mie mwenyewe nimeshaweka 70,000 pembeni. Sijui nijifunze kulia nikiwa mtu mzima, sijui nimwambie kaka, sijui ninunue yangu kimya kimya nifiche ile yake. Na hata nikinunua sijui ninunue ipi, nimeshakula hasara mbili.

Nisaidie Anti.

Mashoto, Wete

ANTI ANAJIBU

Waalaykum salaam warahmatullah mwanangu,

Pale uliposema umeigeuza simu juu chini kutizama kama mkono wako utaingia, nikaiweka barua chini nikakaa kidogo. Usiniombe radhi kwa udogo wa jambo. Kitu ambacho mtu anakishika kutwa nzima na ndicho kinachomlisha si kidogo hata kidogo.

Nikikufahamu sawasawa, mambo yako yamesukwa pamoja kama ukili ndio maana unaona mzigo: mkono unauma, mausi mbili zimekuharibikia, kaka katoa zawadi ya mapenzi isiyoingia mkononi, na chini ya yote hayo mna ule mkono wa shoto uliofungwa kwa pindo la kanga. Ngoja tuufumue huu ukili, kila uzi tuutizame peke yake.

Tuanze na maumivu, maana hapa ndipo nnapotaka nikuulize kitu. Una yakini gani kuwa kinachokuumiza ni mausi? Inawezekana sana ndiyo, ndogo ile inakufanya uikamate kwa ncha za vidole kiganja kikiwa hewani, kutwa. Lakini unataipu pia, unakata karatasi, unafua, unasonga ugali. Jitizame usiku: unaamka vidole vimekufa ganzi? Na ganzi ikija inashika dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, kidole kidogo kikibaki salama? Kama ni hivyo huenda ni ule mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo unabanwa, na hilo mwanangu haliponi kwa kununua mausi, nenda hospitali ukatizamwe mapema na usisubiri kaka aje. Kushindwa kupindua ufunguo kumenitia wasiwasi, sikufichi. Hata kama si hilo, bado daktari akutizame, kisha ndio tuzungumze mausi kwa moyo mkunjufu.

Sasa shoto yako. Mumeo nnaamini kasema kwa nia njema, na mie si shekhe wa kukupa hukumu, adabu za kula na kutoa na kupokea umeshazishika tokea mdogo na hakuna anayekudai. Nataka tu utizame kibodi yako. Zile tarakimu za Excel, ule mraba wa namba, uko upande gani? Kulia. Anayetumia mausi kwa kulia kwenye kibodi kama hiyo inabidi aipeleke mbali kuupita ule mraba, bega linafunguka, mkono unakaa nje ya mwili siku nzima, na wengi maumivu yao ya bega yanaanzia hapo. Wewe mausi yako iko shoto, karibu kabisa na herufi, na mkono wako wa kulia uko huru unaingiza alama za wanafunzi huku wa shoto unahama kutoka mstari mmoja kwenda mwengine. Hiyo kasi yako inayowaleta walimu dukani kwako, sehemu yake iko kwenye shoto hiyo. Kwa hiyo kabla hujasema ni aibu iliyobaki, itizame kama kazi uliyojifunza mwenyewe bila ya mtu kukufundisha na ukaiweza.

Hii haina maana kujifunza kulia ni kosa. Wako watu mkono mmoja ukiwauma wanahamia wa pili ili ule upumzike, na baada ya wiki kadhaa za kuhangaika wanazoea. Kwako kuna faida ya kuwa wewe ushazoezwa kulia kwa mengi. Lakini hatari zake uzijue: hizo wiki za mwanzo utakuwa mzito, na kama zitaangukia mwisho wa muhula utakesha, na mkono wa kulia ambao sasa hivi ndio unaotaipu namba utaubebesha kazi mbili. Na liko swali ambalo ni wewe tu unalijibu, unataka kujifunza kwa sababu mkono unataka kupumzika, au kwa sababu umechoka kutizamwa? Ya kwanza ni dawa. Ya pili sijui kama utaifurahia.

Tuje kwenye hilo boksi la Muscat. Kaka ako hakukosea kuchagua, kakosa habari moja tu. Hiyo MX Master 3S ni mausi nzuri na nataka ujue ina nini ili usije ukaichukia bure. Ilitoka 2022. Kwanza inafanya kazi juu ya kioo, kioo kikiwa na unene wa milimita 4 au zaidi, na hilo ndilo gonjwa la meza yako. Nikueleze kwa nini zile za 15,000 zilikuwa zinaganda: chini ya mausi mna kamera ndogo sana, inapiga picha za meza maelfu kwa sekunde moja, inalinganisha hii na ile ndio inajua imehama wapi, sasa kioo kisafi hakina alama ya kupigwa picha, kamera inakuwa kama kipofu. Ule mfuniko wa boksi wako ulikuwa unaisaidia kuona, uligundua mwenyewe. Pili kukliki kwake ni kimya. Tatu haitaki betri ya kununua, unaichaji kwa waya wa USB-C, kampuni inasema chaji moja ikijaa inafika siku 70 na ukiichomeka dakika moja tu unapata kazi ya masaa matatu, kwa umeme wetu unaokwenda na kurudi si haba. Ila imechongwa kwa mkono wa kulia peke yake, hakuna ya shoto katika jina hilo, na ina uzito wa gramu 141, nzito kuliko zile ulizozizoea. Mkono unaouma huo uzito wengine unawatuliza wengine unawachosha, mpaka uishike ndio utajua.

Sasa basi njia ziko ngapi? Mie naziona hivi.

Iko ya kumwambia kaka leo, boksi likiwa bado limefungwa na yeye bado yuko Muscat, karibu na duka alilonunulia. Huenda wakambadilishia huenda wasimbadilishie, lakini wiki tatu ni muda na ukinyamaza unayoyoma. Na kampuni hiyo hiyo inazo za shoto. Iko Signature M650, hii ina saizi, ya mkono mdogo na wa kati, na ile kubwa inayoitwa L, na hiyo L ndiyo iliyotolewa ya kushoto kabisa, kukliki kwake kimya, inatumia betri moja ya AA. Tatizo ni hilo, ya shoto ni kubwa tu, kama mkono wako ni mdogo itakupwaya. Halafu iko Lift, hii ndiyo ile ya kusimama aliyokutajia fundi, imeinama digrii 57, imetengenezwa kwa mikono midogo na ya kati, na toleo la shoto lipo. Nazo zote mbili bei yake iko chini ya ile aliyonunua kaka, kwa hiyo hutomuongezea gharama.

Kuhusu hizo za kusimama nina neno. Fundi hakukudanganya, mkono ukikaa kama unasalimiana mifupa miwili ya kigasha haipandani, na wenye maumivu wengi wanazisifu. Lakini si wote, na kazi ya kuvuta kitu kidogo kidogo, mathalan kulisogeza ua kwenye kona ya kadi ya arusi, mwanzo inakuwa taabu maana unasukuma kwa mkono mzima badala ya vidole. Ukipata pahala pa kuishika dakika kumi kabla ya kulipa, ishike. Ukinunua kwa picha unabahatisha.

Iko njia ya pili, kuipokea ya kaka, akaitumia msichana wako wa kazi, na wewe ukanunua ya kwako kwa hizo 70,000. Nzuri kwa kuwa kompyuta moja inakubali mausi mbili kwa wakati mmoja bila ugomvi, yake kulia yako shoto. Kitu kimoja ukichunge: kama wewe umebadilisha vitufe kwenye Windows, yaani cha kulia ndicho cha kubofyea, basi Windows inavibadilisha kwa mausi zote zilizochomekwa, na yeye atachanganyikiwa kila akikaa. Wako mashoto wengi hawabadilishi kabisa, wanabofya kwa kidole cha kati na maisha yanaenda, sijui wewe uko kundi gani. Hatari kubwa ya njia hii si ya kompyuta lakini. Kaka anakuja dukani, anaikuta zawadi yake mkononi mwa mtu mwengine, na wewe uko pembeni na kingine. Hapo ndipo moyo unapovunjika kweli, zaidi ya simu ya dakika tano leo.

Na iko njia ya kunyamaza na kujilazimisha nayo, aliyokushauri mama. Mama anamlinda mwanawe na simlaumu. Lakini kaka kanunua hii kwa sababu gani? Kwa sababu kasikia mkono wako unauma. Akija akakuta unauma mkono wa pili kwa ajili ya zawadi yake, unadhani atafurahi? Wewe unamjua kuliko mie. Mie nakuuliza tu, umewahi kumuona akikasirika kwa kuambiwa ukweli, au hiyo hofu ya kumvunja moyo ni yetu sisi huku tuliobaki, kwa kuwa yeye ndiye anayetoa? Na jambo jengine, kakaako ambaye anakupenda hivi hajui kuwa wewe ni mashoto kwenye kompyuta, miaka 17 sasa. Pengine angependa kujua, si kwa ajili ya mausi tu.

Ukitaka kumwambia na hujui uanzie wapi, usianze na "haifai". Mpigie video ukiwa dukani, mshukuru, halafu iweke simu imulike mkono wako unavyofanya kazi, shoto kwenye mausi kulia kwenye namba. Ataona mwenyewe.

Ukiamua kununua mwenyewe, sasa nikwambie yale ambayo ningetaka kaka au fundi akwambie. Hasara mbili ulizozipata hazikutokana na wewe kutojua kuchagua, na zote zina sababu.

Ile risiva iliyokataa: mausi nyingi za bei ya chini zinafungwa na risiva yake kiwandani, mume na mke, ikipotea moja ya pili ni taka. Lakini Logitech wanazo risiva zinazouzwa peke yake, ya zamani ya 2009 inaitwa Unifying ina alama ya jua dogo la rangi ya chungwa, mpya ya 2021 inaitwa Bolt, na kila moja inakubali vifaa mpaka sita. Mausi ya Bolt haishikani na risiva ya Unifying wala Unifying na Bolt, kwa hiyo ukiwa dukani tizama alama, usikubali kuambiwa "zote sawa dada". M650, Lift na hiyo ya kaka zote ni za Bolt. Na tizama boksi limeandikwa kuwa risiva imo ndani, maana yako matoleo yanayotegemea Bluetooth tu, na sipiyu nyingi za mtumba zinazoingia kwetu hazina Bluetooth. Bluetooth ya sipiyu yako jaribu kuitafuta kwenye mipangilio ya Windows, kama pa kuiwasha hapaonekani basi risiva ni lazima.

Kule kurukaruka, mbali na kioo: sipiyu yako iko wapi? Kama iko chini ya meza na risiva imechomekwa nyuma, ile mausi inazungumza na risiva kupitia bati lote la sipiyu na miguu yako. Ihamishie mbele, au nunua kile kiwaya kifupi cha kurefusha USB uilete risiva juu ya meza. Na kama unachomeka hadidiski ya nje au flashi kwenye tundu la USB 3, yale mengi yana rangi ya buluu ndani, usiiweke risiva jirani yake. Intel wenyewe walieleza 2012 kuwa USB 3 inatoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, hayo hayo mausi inayotumia. Huenda ile mausi ya kwanza ilikuwa nzima mwanangu.

Kukliki mara mbili ni jambo jengine, chini ya kitufe mna swichi yenye kibati chembamba, kikichoka au kikiota kutu kinagusa mara mbili badala ya moja. Hewa yetu ya chumvi haikisaidii. Hata za bei ghali zinaweza kupata, ndio maana mie naulizia waranti kabla sijauliza bei, na risiti naiweka. Betri ya AA nunua alkalini, na duka likifungwa kwa wiki nzima itoe, ikivuja humo ndani inakula vyuma.

Namba za DPI zisikutishe wala zisikuvutie. Hizo 8,000 za mausi ya kaka hutozihitaji, kwa Word na Excel na monita moja 800 mpaka 1,600 inakutosha, ni kipimo tu cha mshale kwenda mbali kiasi gani mkono ukisogea inchi moja.

Na usiidharau mausi iliyo sawa pande zote mbili, ile isiyochongwa kwa mkono wowote. M185 kwa mfano ni ya kawaida kabisa, betri moja ya AA, kulia na shoto ni mamoja. Kasoro yake kwako ni udogo, mkono unaouma mara nyingi unataka kitu cha kujaza kiganja, utajikuta umerudi kwenye kukamata kwa ncha za vidole. Lakini kama daktari atasema mkono hauna kitu, na ukaweka kipande cha zulia au mausipedi juu ya kile kioo, yawezekana 70,000 zako zikabaki nyingi.

Hata waya usiufute moja kwa moja. Mausi ya waya haina risiva ya kupotea wala betri ya kuisha mteja akiwa amesimama. Kinachokusumbua ni droo, na droo inaweza kuhama.

Kitu kimoja ufanye kabla ya vyote, hakina gharama. Chukua karatasi ya A4, laza mkono wako wa shoto, pitisha kalamu kuuzunguka kuanzia mstari wa kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati, na upana wa kiganja. Pima kwa rula uandike sentimita. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani ukinunua mwenyewe, au utakayompigia picha kaka umtumie kama utaamua kumwambia.

Ukishaamua niandikie, nataka kujua mkono unaendeleaje na daktari kasema nini. Na yule msichana wako msalimie, umwambie dua yake nimeisikia.

Anti